Madirisha ya kuteleza yanaingiza maji wakati wa dhoruba: nibadilishe kwa mtindo gani?

Swali la msomaji: Nyumba yetu haina ghorofa, imejengwa mahali palipo wazi kwa upepo, na kila mwaka tunapigwa na dhoruba. Madirisha yote ni ya alumini ya kuteleza, isipokuwa jikoni na bafuni ambako kuna luva. Katika dhoruba iliyopita maji yalipanda kwenye reli ya madirisha mawili makubwa ya sebuleni yakamwagika ndani, na kioo cha chumba kimoja cha kulala kilivunjwa na tawi lililorushwa na upepo. Fundi mmoja ameziba kwa silikoni matundu madogo yaliyo chini ya fremu, na ananishauri niweke vioo vinene zaidi katika fremu zile zile. Mwingine anasema nibadilishe yote yawe ya bawaba. Siwezi kulipia madirisha yote kwa mara moja. Je, nichague mtindo gani, na nianzie wapi?

Jibu la mtaalamu: Ndugu msomaji, pole kwa hasara uliyoipata. Nianze na jambo unaloweza kulifanya leo kabla hujatumia fedha yoyote: mwombe fundi aiondoe silikoni aliyozibia matundu ya chini ya fremu. Matundu yale si kasoro. Ndiyo njia ambayo maji yaliyoingia kwenye reli hutumia kurudi nje, na yakizibwa, reli inageuka kuwa beseni ambalo likijaa halina pa kumwagika isipokuwa sebuleni kwako. Fundi wako aliona maji yakitokea karibu na pale, akadhani ndipo yanapoingilia. Ni kosa ambalo nimelikuta katika nyumba nyingi, na karibu kila mara limeifanya dhoruba iliyofuata iwe mbaya kuliko ya kwanza.

Kuhusu mtindo, msimamo wangu ni huu. Pale ambapo huhitaji hewa wala njia ya kutokea, weka dirisha lisilofunguka. Pale unapohitaji hewa, weka dirisha la bawaba linalofungukia nje, liwe la bawaba za ubavuni au za juu, lenye komeo linalobana sehemu kadhaa za fremu kwa pamoja. Luva ziondoke kabisa. Hata hivyo, mafundi wako wawili wamegusa kila mmoja nusu ya jambo, kwa sababu mtindo huamua zaidi habari ya maji, ilhali kioo na namna fremu ilivyofungwa ukutani ndivyo vinavyoamua kama dirisha litabaki mahali pake. Ukichagua kimoja ukakisahau kingine, utakuwa umelipia nusu ya dirisha.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyokusumbua zaidi. Upepo unapoupiga ukuta hugeuka kuwa shinikizo, na wahandisi hulikadiria kwa kuchukua kasi ya upepo katika mita kwa sekunde, kuizidisha kwa kasi hiyo hiyo, kisha kuzidisha tena kwa 0.613, jibu hutoka katika paskali. Upepo wa mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, hutoa takriban paskali 383. Sasa, kila paskali 10 zinaweza kuinua maji kwa karibu milimita 1. Maana yake ni kwamba upepo huo, ambao bado haujafikia kiwango cha kimbunga, unaweza kuyasimamisha maji ndani ya reli kwa kimo cha karibu milimita 39, na ukingo wa ndani wa reli ukiwa mfupi kuliko hapo, maji yatauvuka hata kama kila mpira wa kuzibia ni mpya. Chukua rula ukaupime ukingo wa reli yako. Huenda ukapata jibu la kilichotokea usiku ule.

Kasi ikiongezeka maradufu, shinikizo huongezeka mara nne, wala si mara mbili. Upepo wa mita 50 kwa sekunde, sawa na kilomita 180 kwa saa, hutoa karibu paskali 1,530, na kimo cha maji kinachoweza kuinuliwa nao ni zaidi ya sentimita 15. Sijaona dirisha la nyumbani la kuteleza lenye ukingo wa ndani wa kimo hicho, na hata lingekuwapo, lingeonekana kama ukuta mdogo mbele ya kioo. Hii ndiyo sababu siwezi kukubaliana na ushauri wa kuongeza unene wa kioo katika fremu zile zile kama tiba ya maji. Kioo hakikuvuja, kilichovuja ni reli, na reli itabaki vile vile.

Dirisha la kuteleza lina udhaifu mwingine unaotokana na umbile lake. Ili ubawa wake, yaani ile sehemu inayosogea, uweze kuteleza, lazima uachiwe nafasi kidogo juu, chini na pembeni, na nafasi hiyo kwa kawaida hujazwa kwa brashi laini ambayo hupunguza upepo lakini haibanwi kama mpira. Zaidi ya hapo, ubawa umekaa juu ya reli kwa uzito wake, ukishikwa na mdomo mfupi wa fremu kwa juu na kwa chini. Shinikizo kubwa likiupinda, mdomo huo unaweza kuuachia, na ubawa mzima ukatoka kwenye reli bila kioo chenyewe kuvunjika. Yapo madirisha ya kuteleza yaliyotengenezwa kwa uimara na kupimwa kwa ajili ya maeneo ya vimbunga, nami sisemi kwamba hayafai popote. Nasema kwamba katika mtindo huu unalazimika kununua ubora wa juu ili tu upate kile ambacho dirisha la bawaba linakupa kwa umbile lake.

Sasa fikiria mlango unaofungukia nje. Mtu akiwa nje akausukuma, hawezi kuufungua. Kadiri anavyosukuma ndivyo anavyozidi kuubana kwenye fremu. Dirisha la bawaba linalofungukia nje hufanya hivyo hivyo: upepo unaolipiga kwa mbele huukandamiza ubawa dhidi ya mpira unaozunguka fremu pande zote nne, na dirisha huziba zaidi pale hasa unapohitaji lizibe. Hakuna reli wazi ya kukusanya maji. Hii ndiyo hoja kuu ya fundi wako wa pili, na ni hoja ya kweli.

Lakini hoja hiyo ina upande wa pili ambao wauzaji huusahau. Upepo hausukumi tu, bali hufyonza pia. Kwenye kuta ambazo upepo unazipita kwa ubavu, na kwenye ukuta wa nyuma, hewa huvuta madirisha kuelekea nje, na mvuto huo huwa mkali zaidi karibu na pembe za nyumba. Hapo ubawa unaofungukia nje haubanwi na fremu tena. Unashikiliwa na bawaba upande mmoja na komeo upande mwingine. Ikiwa komeo ni moja tu, katikati, basi sehemu za juu na za chini za ubawa zinabaki huru kupinda, mpira unaachia, na maji na upepo vinapata njia. Kwa hiyo usinunue dirisha la bawaba lenye komeo moja. Dai lile ambalo mkono mmoja ukishushwa, ndimi tatu au zaidi zinaingia kwenye fremu kwa wakati mmoja, na ukague kwamba zinashika chuma kilichofungwa kwa skrubu imara, si kipande cha plastiki. Upana nao uwe wa kiasi: ubawa mpana huning'inia kwenye bawaba zake, hushuka taratibu kwa miaka, na siku ya dhoruba unakuta komeo halifiki tena kwenye tundu lake. Penye nafasi pana ni heri mbawa mbili nyembamba zenye nguzo ya fremu katikati kuliko ubawa mmoja mkubwa.

Dirisha la bawaba za juu, linalofunguka kwa kusukumwa nje kutoka chini, nalipenda zaidi kwa jikoni na bafuni. Likifunguliwa kidogo hugeuka kuwa kama paa dogo, nawe unapata hewa hata mvua ya kawaida ikinyesha. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu watu wengi hushikilia luva kwa ajili ya hewa, na wana haki ya kuitaka hewa hiyo. Ila luva ni mkusanyiko wa vipande vingi vya kioo vilivyokaa kila kimoja kwenye vishikizo viwili vidogo, na kila kipande kina kingo mbili ndefu ambazo haziwezi kuzibwa sawasawa. Maji yanapita, upepo unapita, na kipande kimoja kikichomoka nyumba inabaki na tundu. Sijui njia ya kuzitengeneza luva za kawaida ziwe salama katika dhoruba isipokuwa kuzifunika kwa nje.

Mitindo mingine naipitia kwa haraka. Dirisha linalofungukia ndani husukumwa na upepo wa mbele kutoka kwenye fremu badala ya kuelekea kwenye fremu, lakini likiwa na ndimi nyingi kuzunguka ubawa wote na mpira wa ziada katikati ya fremu, hufanya vizuri sana katika vipimo, na lina faida kwamba hata likisahaulika wazi halikwanyuliwi na upepo kutoka nje. Ukipewa la namna hiyo lenye hati nzuri, usilikatae. Dirisha la kupandisha na kushusha lina matatizo yanayofanana na yale ya kuteleza, kwa kuwa nalo hutembea kwenye njia zake. Dirisha lililotokeza nje ya ukuta kama kibaraza halifai mahali pako: lina pembe nyingi, maungio mengi, na kipaa kidogo juu ambacho upepo hupenda kuking'oa.

Dirisha lisilofunguka ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu halina bawaba, komeo wala reli. Kwa sebule yako ningegawa kila nafasi kubwa mara tatu, katikati kioo kisichofunguka, na pembeni mbawa mbili nyembamba za bawaba za kuleta hewa. Ila vyumba vya kulala usivifunge. Kila chumba cha kulala kinahitaji angalau dirisha moja ambalo mtu mzima anaweza kutokea ikiwa moto umeziba mlango. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani, kwa mfano, hutaka nafasi halisi ya kutokea iwe kwa jumla karibu mita za mraba 0.53, upana usiopungua milimita 508 na kimo kisichopungua milimita 610. Hata kama kanuni za mahali pako ni tofauti, vipimo hivyo vinakupa picha ya mwili wa mtu unavyohitaji kupita. Na kama kuna vyuma vya kuzuia wezi, kimoja kiweze kufunguliwa kutoka ndani bila ufunguo. Vyuma hivyo, kwa nafasi zilizopo kati yake, havizuii tawi wala kipande cha bati.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kioo, na naomba unisome kwa makini, maana makosa ya hapa hugharimu paa. Dirisha linapovunjika upande unaopigwa na upepo, shinikizo huingia ndani ya nyumba na kuanza kulisukuma paa kwa chini, wakati ule ule upepo wa juu ukilifyonza kutoka nje. Nguvu hizo mbili hujumlishwa. Kiwango cha Marekani cha kukadiria mizigo ya majengo, ASCE 7, hutumia kwa nyumba iliyofungwa kigawo cha shinikizo la ndani cha 0.18, na kwa nyumba iliyotobolewa upande mmoja 0.55, yaani mara tatu. Baada ya kimbunga Tracy kuupiga mji wa Darwin huko Australia tarehe 25 Desemba 1974, na baada ya kimbunga Andrew kupiga kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti 1992, wachunguzi walikuta habari ile ile: nyumba nyingi zilianza kufa pale dirisha au mlango ulipovunjwa na kitu kilichorushwa. Kwa sababu hiyo pia naomba usifuate ule ushauri wa zamani wa kufungua dirisha moja ili "kusawazisha hewa". Ni kuukaribisha upepo chini ya paa lako mwenyewe.

Kioo kinene cha kawaida kina nguvu zaidi dhidi ya upepo, lakini kikigongwa huvunjika na kuanguka kama kilivyofanya kile cha chumbani kwako. Kioo kilichoimarishwa kwa moto kina nguvu takriban mara nne ya kioo cha kawaida chenye unene huo huo, na watu wengi huuziwa hicho wakiambiwa ni cha dhoruba. Hapana. Kikishindwa, hupasuka chote kwa mara moja kuwa punje ndogo ndogo, na nafasi nzima inabaki wazi. Usalama wake ni kwamba punje hizo hazikati mtu kama vipande virefu. Si usalama wa nyumba. Unachohitaji ni kioo cha laminati, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati. Kikigongwa kinaweza kupasuka, lakini vipande hubaki vimeshikamana na utando, na nafasi hubaki imezibwa hadi dhoruba ipite. Utando wa milimita 0.76 ni wa usalama wa kawaida; kwa madirisha ya kuhimili vitu vinavyorushwa na upepo, uliza utando wa milimita 1.52 au 2.28, au ule mgumu zaidi wa aina ya ayonoplasti. Ukitaka vioo viwili vyenye hewa katikati kwa sababu ya joto, basi kimoja kati ya hivyo, kwa kawaida cha ndani, kiwe cha laminati.

Na utando huo hauna kazi ikiwa kingo za kioo zinateleza kutoka kwenye fremu. Kioo kilichopasuka hulegea kama turubai, na upepo unaposukuma na kuvuta, huzivuta kingo zake zitoke. Ndiyo maana katika madirisha ya kweli ya vimbunga kioo huzama ndani zaidi ya fremu na kugandishwa kwa silikoni ya kubeba mzigo, badala ya kushikiliwa na mpira pekee. Fremu zako za zamani hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hii ni sababu ya pili ya kukataa pendekezo la kubadilisha kioo peke yake.

Usiridhike na neno la muuzaji kwamba dirisha "linahimili kimbunga". Mwombe ripoti ya kipimo. Katika kipimo kinachotumika Florida na kwingineko kwa madirisha yaliyo chini ya takriban mita 9 kutoka ardhini, kama yako yote, kipande cha mbao cha uzito wa karibu kilo 4.1 hurushwa kikipiga kioo kwa ncha, kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, kisha dirisha lile lile lililopigwa husukumwa na kuvutwa kwa shinikizo mara 9,000. Likibaki bila kuachia, limefaulu. Soma pia shinikizo ambalo dirisha limekubaliwa kulibeba, kwa kusukumwa na kwa kuvutwa, kwa sababu namba hizo mbili mara nyingine hutofautiana, na hakikisha kwamba dirisha lililopimwa lilikuwa la mtindo huo huo na la ukubwa usiopungua lile unalonunua. Hati ya dirisha dogo haisemi lolote kuhusu dirisha kubwa.

Kuna namba nyingine iliyofichika humo, ile ya kuzuia maji. Katika kiwango kinachotumiwa Amerika ya Kaskazini, dirisha la nyumbani hupimwa maji kwa asilimia 15 tu ya shinikizo linalotarajiwa kulibeba. Dirisha lililokubaliwa kwa paskali 2,400 hupimwa maji kwa paskali 360. Kwa hiyo dirisha linaweza kuwa imara kabisa na bado likaingiza maji upepo ukivuma sana, bila mtengenezaji kuwa amekudanganya. Katika mfumo wa Ulaya, daraja la 7A la kuzuia maji ni paskali 300, 8A ni 450 na 9A ni 600. Kwa mahali palipo wazi kama pako nisingeshuka chini ya 9A au kipimo kinacholingana nacho, na madirisha mazuri ya bawaba hulifikia daraja hilo kwa urahisi kuliko ya kuteleza. Unapolinganisha na kasi inayotangazwa na watabiri, kumbuka kwamba kasi hiyo ni wastani wa dakika moja au dakika kumi kutegemea nchi, ilhali kinachopiga dirisha ni mpigo wa sekunde chache ambao huwa na nguvu zaidi.

Malighafi ya fremu haina uzito mkubwa kama watu wanavyodhani. Alumini nene ni nzuri. Plastiki ngumu ni nzuri ikiwa ina chuma ndani yake. Mbao ni nzuri kwa anayekubali kuitunza. Kama uko karibu na bahari, zingatia zaidi vitu vidogo: bawaba, komeo na skrubu viwe vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na alumini isigusane moja kwa moja na chuma cha kawaida, kwa sababu penye chumvi na unyevu alumini huliwa taratibu pale vinapogusana.

Ufungaji ndio ninaouogopea zaidi, kwa sababu baada ya lipu kukauka hakuna anayeona tena kilichofanyika. Chukua dirisha la mita 1.2 kwa 1.5. Kwa ule upepo wa mita 50 kwa sekunde, mzigo juu yake ni karibu sawa na uzito wa kilo 280, ukisukuma, ukiacha, ukavuta, kwa saa kadhaa. Mzigo huo wote hupita kwenye skrubu. Povu la kujazia nafasi kati ya fremu na ukuta huzuia hewa na sauti, lakini halishikilii dirisha, na nimeshaona fremu zilizoshikwa na povu na skrubu nne tu. Idadi ya skrubu, unene wake na umbali kati yake vimeandikwa katika ripoti ile ile ya kipimo, na dirisha likifungwa kwa namna nyingine, ripoti hiyo haikuhusu tena. Kina cha skrubu kihesabiwe ndani ya zege au tofali lenyewe, bila kuhesabu lipu, na isiwe karibu mno na ukingo wa ukuta, maana hapo tofali hupasuka.

Mwambie fundi aitoe fremu ya zamani yote, asiiweke mpya ndani yake. Kuchomeka dirisha jipya katika fremu ya zamani ni kazi ya haraka na safi, na katika mahali patulivu ina nafasi yake. Kwako ingemaanisha kutundika dirisha imara kwenye fremu ambayo hujui imeshikwa na nini. Fremu ikishatoka, kizingiti cha chini kijengwe upya kikiwa na mteremko wa kuelekea nje, kiwekewe utando au sinia la kuzuia maji linalopanda kwa nyuma na pembeni, ili maji yatakayopita yarudi nje badala ya kuingia ukutani. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi, na yakiwa na vifuniko vidogo vya kuzuia upepo kurudisha maji ndani, ni bora zaidi.

Kuhusu wapi uanzie, usianze na "upande wa upepo" ukidhani upande wa pili uko salama. Kimbunga huzunguka, na kinapopita juu ya nyumba upepo unaweza kugeuka kabisa na kuvuma kutoka upande ulio kinyume na ule wa mwanzo. Ningeanza na madirisha mawili ya sebuleni, kwa kuwa ndiyo tundu kubwa kuliko yote na tayari yameshindwa. Ndani ya awamu hiyo hiyo kagua milango ya nje na mlango wa gereji kama upo, maana mlango mpana uliolegea huweza kuleta madhara makubwa kuliko dirisha lolote. Awamu ya pili iwe ya vyumba vya kulala, ukianza na vilivyo pembeni mwa nyumba, na luva zije mwisho kwa kuwa ni ndogo na rahisi kufunikwa.

Yale yatakayosubiri yasiachwe wazi. Kata sasa, wakati hali ya hewa ni tulivu, mbao za plaiwudi za unene usiopungua milimita 16 kwa kila dirisha, zizidi nafasi ya dirisha kila upande, uziandike jina la dirisha lake, na utoboe matundu yake mapema. Zifungwe kwenye ukuta, si kwenye fremu ya alumini, kwa bolti ambazo nanga zake zimeshapandwa ukutani kabla. Utepe wa kunata uliobandikwa kwa alama ya msalaba kwenye kioo hauongezi nguvu yoyote. Huweza tu kuvifanya vipande vikubwa vishikamane na kuwa hatari zaidi. Ukipata shata, yaani vifuniko vya nje vya dirisha, za chuma au alumini zilizopimwa kwa bei unayoiweza, zinaweza kuchukua nafasi ya kioo cha laminati, kwa sharti kwamba daima kuna mtu nyumbani wa kuzifunga kwa wakati.

Siku kazi itakapokwisha, kabla lipu ya ndani haijafunika maungio na kabla hujamaliza malipo, chukua mpira wa maji. Mmoja asimame nje amwage maji kwanza kwenye kizingiti cha chini kwa dakika kadhaa, kisha pembeni, kisha juu, na mwingine akae ndani na tochi akiangalia pembe mbili za chini za fremu. Mpira hauna nguvu ya dhoruba, lakini ukianza chini ukapanda taratibu, maji yakitokea ndani utajua yameingilia wapi, na fundi bado yuko pale na vifaa vyake.